Nani bado anaikumbuka kamera yake ya mkanda, ya lenzi moja tu?

mkanda36:
Wakuu habari zenu. Leo nilikuwa natafuta vyeti kwenye sanduku nikakutana na Pentax K1000 yangu, na lenzi ile ile ya 50mm, sikuwahi kuwa na nyingine. Nimevuta ule mkono wa filamu nikabonyeza, ule mlio jamani, nimekaa chini kabisa. Nilichokuwa nakipenda ni kwamba hakuna kuzumu, ukitaka uso ujae unasogea mwenyewe, ukitaka watu wote waingie unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, na baada ya muda jicho linazoea, nikimwona mtu amekaa nilishajua picha itaishia wapi na kamera bado iko shingoni. Nyie mlianza na ipi?

jua_kali16:
Umenigusa mkuu, na mimi ni K1000. Zimetengenezwa tangu 1976 mpaka 1997, na betri yake ni ya kipima mwanga tu, ikifa unaendelea kupiga kama kawaida. Ila haina swichi ya kuzima, usipofunika lenzi betri inaisha, baba alikuwa ananiambia kila jioni "lifunike hilo jicho lilale". Yangu ilipokufa ndo nikajifunza kusoma mwanga mwenyewe, jua kali apacha (tundu la lenzi la kuingizia mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) 16, filamu ya kasi ya ISO 100 shata (muda mwanga unaoingia) 125, yaani 1/125 ya sekunde, likiingia wingu nafungua apacha mpaka 8. Mpaka leo nikitoka nje nakadiria mwanga kichwani hata kama sina kamera.

Helios58:
Mimi Zenit, lenzi ya 58mm, nzito kwelikweli. Nilipiga harusi ya dada yangu nayo, hesabu ya picha ikafika 36, mwisho wa mkanda, ikaenda 38, ikaenda 40 na bado inavuta tu, moyo ukaanza kudunda. Kufungua, filamu haikushika tangu mwanzo, hakuna hata picha moja. Dada hakunisema hata neno, na hilo ndo liliniuma zaidi. Tangu hapo kila nikivuta naangalia kile kitufe cha kurudishia filamu, kama hakizunguki basi ujue hakuna kitu. Na bado naipenda, siiuzi.

mama_picha:
Mie watoto ndo walinifundisha, hawakai hata sekunde, ukianza kuzungusha fokasi wameshaondoka. Basi fokasi naiweka mita 3, apacha 8, naiacha hapo hapo. Kwa 50mm kuanzia kama mita mbili na nusu hadi nne kila kitu kinatoka safi, nabaki kucheza nao tu. Picha zangu nzuri zote za wanangu ni hivyo. @mkanda36 hiyo lenzi umeicheki fangasi, ule ukungu unaoota ndani ya vioo? Imulike na tochi kwa nyuma.

mkanda36:
Nimeimulika dada, safi kabisa, vumbi kidogo tu. Mkanda nimeshaagiza. Picha ya kwanza ni mama, pale anapokaa dirishani asubuhi, nafungua lenzi yote mpaka 2. Nikishasafisha picha nawawekea hapa. Na kitufe nitakiangalia @Helios58.