Tufani au Mfalme Lear: tuchague ipi?

Mshika Kalamu: Wakuu, habari. Kikundi chetu kinataka kuigiza tamthilia ya Shakespeare ambamo bahari ina uzito. Zimebaki mbili, Tufani na Mfalme Lear, na kura zimelingana. Jumamosi lazima tuamue.

Bi Tamthilia: Hujasema mko wangapi, ukumbini au nje, kwa lugha gani. Tukushauri nini sasa?

Nahodha: Tufani! Tafsiri ya S. S. Mushi ipo tangu 1969. Waliompindua Prospero, mtawala aliyekimbilia kisiwani, wanatupwa na dhoruba kwenye ufuo wake, na Caliban, mtumwa wake wa hapo kisiwani, anadai kisiwa ni chake, karithi kwa mama. Mtazamaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hilo.

Fundi Taa: Mimi Lear. Humo mna Gloucester, mzee mkuu aliyepofushwa, anataka kujirusha kutoka jabali la Dover, pwani ya Uingereza. Mwanawe Edgar anamwongoza hadi "ukingoni", anamsimulia wavuvi walioko chini, wadogo kama panya. Mzee anaruka, anaanguka papo hapo sakafuni. Pwani nzima imejengwa kwa maneno.

Bi Tamthilia: Kweli, ila mwigizaji wa Edgar akiwa dhaifu watu watacheka.

Mzee wa Jukwaa: Niwaambie yaliyotupata. Tuliigiza Tufani ufuoni kabisa, tukijua bahari tumeipata bure. Mazoezi yote tulifanya maji yamekupwa. Siku ya onyesho ikaangukia bamvu, maji yanapojaa kupita kawaida, hakuna aliyetazama mwezi. Kusi likavuma, sauti ya binti aliyeigiza Miranda, mwana wa Prospero, haikufika safu ya pili. Kufika sehemu ya tatu maji yako miguuni mwa watazamaji, akina mama wanabeba watoto na viti. Spika ya kukodi ikaingia chumvi, tukailipa miezi minne. Nilimwonea uchungu yule binti, alikuwa amehifadhi kila neno.

Nahodha: Pole sana, mzee wangu. Lakini filamu ya Tufani ya Julie Taymor ya 2010 ilipigwa Hawaii, bahari ya kweli, ikapendeza.

Fundi Taa: Filamu ina kamera. Na Kurosawa, mwongozaji wa Japani, alipomgeuza Lear kuwa filamu ya Ran, 1985, bahari aliiacha, ila kipofu ukingoni hakumwacha. Picha ya mwisho ni yeye.

Mgeni: Samahani, Tufani si alitafsiri Mwalimu Nyerere?

Bi Tamthilia: Hapana, ndugu. Mwalimu ni Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mushi ana Tufani na Makbeth.

Mshika Kalamu: Tuko wanane, ukumbi wa shule, Kiswahili.

Bi Tamthilia: Wanane kwa Lear? Na tafsiri mtaitoa wapi?

Fundi Taa: Onyesho la Dover peke yake linahitaji wawili tu.

Mgeni: Nakala ya Tufani inapatikana wapi siku hizi?

Nahodha: Ninayo moja, kurasa za mwanzo zimetoka.