Mrejesho: congiuntivo ya Kiitaliano

Wakuu, asanteni. Niliuliza namna ya kujua lini sentensi ya Kiitaliano inadai congiuntivo (umbo la kitenzi la matakwa, dhana na mashaka), kwa mtihani wa B1, yaani ngazi ya kati.

Ushauri wenu wa kuanzia kwenye -e yetu ya Kiswahili, ile ya mwisho wa "aende", umefanya kazi vizuri kwa vitenzi vya kutaka: nataka aende, voglio che vada. Baada ya penso che (nadhani kwamba) na credo che (naamini kwamba) ushauri huo unakwama, maana sisi husema "nadhani yuko" bila -e, ilhali Kiitaliano sanifu kinadai sia, congiuntivo ya "kuwa". Hizo ni za kukariri tu. Na nafsi ikiwa ileile pande zote mbili, che inaondoka: penso di partire (nafikiria kuondoka).

Kwenye masharti, -nge- inapotosha. Sisi tunaiweka pande zote mbili. Wao husema se fossi ricco (ningekuwa tajiri) kwa congiuntivo, kisha comprerei (ningenunua) kwa umbo jingine, la masharti. Kuandika sasa sawa, ila nikiongea haraka "se sarei", yaani umbo la masharti baada ya se badala ya fossi, bado inanitoka.

Kusikiliza redio ya Kiitaliano bila maandishi ya kufuatia hakukunisaidia kwa hili.