Tanga: tunalipia biti 24 hewa!

Wakuu, nimechoka na sinyamazi tena. Kuna studio hapa Tanga mjini ina bei mbili za kurekodi, ya biti 16 na ya biti 24 (biti ni zile 0 na 1 zinazoandika ukubwa wa sauti; zikiwa nyingi, hata sauti ndogo inanaswa safi), na hiyo ya 24 imechangamka kweli. Tukajikamua tukalipa ya juu ili kinanda cha kikundi chetu cha taarabu kirekodiwe vizuri. Ni Yamaha DX7, toleo lililoingia sokoni 1983, na bado kinaimba. Tukapewa faili zimeandikwa 24. Nimezifungua kwenye programu inayoonyesha biti moja moja: zile 8 za chini ni sifuri tupu, mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Hata pale mpigaji ameinua vidole na kinanda kinavuma chenyewe, ambapo zilitakiwa zichezecheze, wapi! Yaani walirekodi kwa 16, wakati wa kutoa faili wakabandika sifuri 8, wakachukua hela ya 24.

Nilipombana prodyuza akanijibu, "Kaka, DX7 yenyewe ndani ni biti 12, 24 za nini?" Sasa kama ndivyo, kwa nini ulipokea hela? Na hoja yenyewe ni ya kupotosha watu. Kinachotoka kwenye waya ni umeme unaopanda na kushuka, na DX7 inasikia nguvu ya kidole. Mzuka ukimpanda mpigaji kwenye kibwagizo, sauti inaruka ghafla, na hapo ndipo 24 zinasaidia: unaacha nafasi juu.

Sisemi biti 16 ni mbaya. Zinabeba desibeli 96 hivi kutoka sauti ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, CD zote ni 16, na mvumo wa kinanda cha zamani unazidi ule mchakacho mdogo unaoletwa na biti 16 zenyewe. Tatizo ni kwamba fundi akiwa kwenye 16 anaogopa sauti ndogo, anasukuma geini (nguvu ya sauti inayoingia) mpaka taa inakaribia nyekundu "ili biti zijae". Ndicho walichotufanyia! Kibwagizo cha pili mawimbi yamekatwa vichwa, yako tambarare, sauti inakwaruza. Hicho kilichokatwa hakirudi, hata faili umpelekee fundi gani. Kwa 24 za kweli ungeacha vilele vikae desibeli 12, hata 18 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha juu cha kurekodi, mpigaji akapiga anavyojisikia, ukapandisha baadaye bila wasiwasi. Kushuka 16 ni kazi ya mwisho kabisa, mikisi (kuchanganya sauti zote) ikishakamilika.

Na mtu asiniletee habari za diski kujaa. DX7 inatoa mono, yaani mkondo mmoja tu wa sauti. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, dakika moja ya biti 24 ni megabaiti 8.64, ya 16 ni 5.76. Tofauti haifiki hata megabaiti 3!

Tumeomba warudishe nyongeza tuliyolipa na watupe siku ya kurekodi upya. Wamegoma, eti kazi imeshatoka. Imetoka wapi, na kibwagizo kinakwaruza?

Wadau mliorekodi hapa mjini karibuni, kagueni faili zenu ghafi. Msikague mikisi, maana hiyo hujaza biti zote hata kama chanzo kilikuwa 16. Mkikuta zile 8 za chini ni sifuri, andikeni hapa hapa, twende kudai pamoja. Na anayejua fundi, hata wa Muheza au Pangani, anayerekodi kinanda kwa 24 za kweli na kuacha nafasi juu, amtaje. Tuna nyimbo nyingine zinasubiri.