Soksi za shule kwa mtoto wa awali: nigombane na shule au nimvalishe tu yaishe?

Mama Nasra:

Habari za jioni wapendwa. Nina jambo dogo ila limenichosha, naomba mnisaidie mawazo.

Mtoto wangu wa pili ana miaka mitano, yuko darasa la awali shule binafsi hapa Dar. Dada yake alipita hapohapo bila shida yoyote, ndiyo maana sikusita kumpeleka. Sasa mwaka huu wamebadilisha sare. Soksi ni nyeupe ndefu hadi chini ya goti, zina mistari miwili ya kijani na nembo ya shule pembeni, na zinauzwa shuleni tu. Jozi moja 6,000, na fomu inataka jozi tatu. Kwa hela hiyo nje napata soksi nyeupe za kumtosha mwaka mzima, lakini hela siyo kilio changu kikubwa.

Kilio ni kwamba haziwezi. Anarudi miguu imelowa jasho, mpira wa juu umemchora alama nyekundu kuzunguka mguu, na usiku anajikuna. Nikamvalisha za kwake za zamani, fupi, za pamba, nyeupe vilevile. Mwalimu wa zamu akamtoa mstarini asubuhi, akasimamishwa peke yake mbele ya wenzake mpaka paredi ikaisha. Tangu hapo kila asubuhi tumbo linamuuma, na gari la shule linapita saa kumi na mbili kasoro, hatuna muda wa kubembelezana.

Baba yake anasema sheria ni sheria, mtoto ataizoea. Mimi najiuliza, kwa mtoto wa umri huu soksi ndiyo nidhamu yenyewe? Niende kwa mkuu wa shule au nitaonekana mzazi msumbufu?

---

Kipara wa Kigogo:

Pole dada, ila naungana na shemeji. Hiyo shule hamkulazimishwa. Mlipewa fomu, mkasoma, mkasaini. Leo soksi, kesho sweta linawasha, keshokutwa kiatu kinabana aende na ndala. Shule yenye watoto mia nne haiwezi kuwa na sheria mia nne. Na watoto wanazoea mambo upesi kuliko sisi, tatizo wanasoma uso wa mama kabla hawajaanza kulia.

---

Mama Nasra:

Kaka fomu ya mwaka huu ilikuja na sare mpya tukiwa tumeshalipa ada. Na alama kwenye mguu haisomi uso wa mtu.

---

Mwl Mstaafu:

Mama Nasra, nimefundisha shule za msingi za serikali tangu enzi za chaki na vumbi lake, nikamalizia nikiwa mwalimu mkuu. Niruhusu nitenganishe mambo mawili, maana naona yanachanganywa.

Sare ina kazi yake. Shati jeupe na kaptula ya bluu vimeficha umaskini wa watoto wengi sana, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mkulima wanakaa dawati moja huwezi kuwatofautisha. Lakini soksi na viatu ndipo siri inapotokea. Wazazi wengi wa kijijini walijitahidi shati, wakajitahidi kaptula, wakaishiwa hapo. Hata serikali ilipoleta elimu bila ada kwa ule Waraka Namba 5 wa 2015, sare ilibaki mzigo wa mzazi. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza masharti ya mistari na nembo, ndivyo sare inavyoacha kufanya ile kazi iliyoletewa.

Jambo la pili ni ukaguzi. Sisi tulikagua kucha, nywele, meno, uchafu wa kola. Hayo mtoto anaweza kufundishwa kuyashughulikia. Mtoto wa awali hajinunulii soksi wala hajichagulii. Ukimsimamisha mbele ya wenzake umemwadhibu kwa uamuzi wa mama yake. Njia sahihi ilikuwa kuandika maneno mawili kwenye daftari la mawasiliano, basi. Hilo ndilo ningelipeleka kwa mkuu wa shule kabla hata ya soksi zenyewe.

Na ukisikia kiboko kimehusika, ujue kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hazimruhusu mwalimu yeyote tu kujichapia. Ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na inaandikwa kitabuni.

---

Mama Nasra:

Kiboko hapana mwalimu, asante Mungu. Ila umenifungua macho kwenye hilo la daftari, maana tunalo na hawakuandika kitu.

---

Dogo Mbishi:

Mimi nilimaliza la saba nina soksi moja yenye kisigino na nyingine haina. Nilikuwa nazikunja mpaka kwenye kifundo ili mwalimu asione. Leo nina stashahada mbili 😂

---

Nesi wa Zamu:

Tuache utani kidogo. Dada, kabla ya kwenda shule mwangalie mtoto miguu mchana kwenye mwanga mzuri. Siwezi kusema ana nini bila kumwona, ila vitu vya kuangalia ni hivi.

Kama ngozi ni nyeupe, laini na inabanduka katikati ya vidole, hasa kidole kidogo na jirani yake, hiyo inaelekea kwenye fangasi. Kama katikati ya vidole pako salama ila mbele ya unyayo na chini ya kidole gumba ngozi inang'aa, imekauka na ina mipasuko midogo, hiyo mara nyingi ni jasho. Tunaiona sana kwa watoto wanaoshinda na viatu vilivyofunga na soksi za nailoni: mguu unaloa, unakauka, unaloa tena, ngozi inachoka. Wenye pumu ya ngozi ndio huathirika zaidi. Usimpake dawa ya fangasi kwa kubahatisha, na zile krimu za mchanganyiko za dukani zenye steroidi achana nazo kabisa.

Pia niambie unafuaje hizo soksi nyeupe. Wengi tunaziloweka kwenye jiki ziwe nyeupe kama za tangazo, halafu suuza moja. Sabuni na jiki vikibaki kwenye uzi, mguu ukitoka jasho vinawasha vibaya. Suuza mpaka maji yawe safi kabisa.

Alama ya mpira ikiondoka ndani ya nusu saa hivi siyo ya kutisha. Ikikaa mpaka usiku au mguu umevimba juu yake, soksi inabana, saizi si yake.

---

Mama wa Imani:

Mimi nakuja na upande mwingine. Wangu ana usonji, na vita yetu ya kwanza ya shule ilikuwa soksi. Siyo ukaidi. Ule mshono wa vidoleni, ambao mimi na wewe tunausahau dakika ya pili, yeye anausikia siku nzima. Sisemi wa kwako ana usonji, watoto wengi tu wasio nao hawapendi mshono. Ila jiulize kama anasumbuliwa pia na lebo ya shati shingoni, kukatwa kucha, mchanga kwenye viatu, kelele za ghafla. Kama yote ndiyo, zungumza na daktari wa watoto.

Kama ni soksi peke yake, mgeuzie. Ndani iwe nje, mshono ukae nje. Sisi tulivaa hivyo mwaka mzima na mwalimu hakugundua.

---

Kipara wa Kigogo:

Sasa hilo la kugeuza nalikubali. Shule imepata soksi zake na mtoto amepata amani. Ndiyo maana nasema si lazima twende na mabango.

---

Muuza Soksi K'koo:

Nimechelewa ila hii ni mada yangu kabisa 😀

Wakuu, soksi nyingi za shule zenye nembo ni nailoni au poliesta tupu, kwa sababu ni bei chee, rangi haitoki na haichakai upesi. Nailoni hainywi jasho. Unataka kujua ya kwako ni nini? Chomoa uzi mmoja, uchome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha majivu. Nailoni inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Usichome ikiwa mguuni tafadhali.

Halafu nembo. Geuza soksi uangalie nyuma ya nembo, utaona nyuzi zimetambaa zimelegea. Mashine ndivyo inavyobadilisha rangi, uzi ambao hautumiki unapita nyuma. Hizo nyuzi ndizo zinakwaruza mguu na kunasa kucha za watoto. Kwa hiyo dada wa usonji ameongea kitu kikubwa, ukigeuza unaondoa mshono na nyuzi kwa pamoja, ila nembo itaonekana kinyume, mwalimu mkali ataiona.

Pamba asilimia mia nayo siyo jibu, inateremka kisiginoni mchana haujafika. Tafuta pamba nyingi yenye spandeksi kidogo, ule uzi unaovutika. Shule ikikubali, hata yenye mistari ya kijani inafumwa kwa pamba, oda ikiwa kubwa bei haipishani sana. Shida ni kwamba kuna mtu anakula kwenye hiyo 6,000, nawajua, wananunua kwetu kwa jumla.

---

Baba Wambui:

Salamu kutoka Limuru. Kwetu baridi ndiyo mwalimu mkuu, soksi ndefu hakuna anayelalamika. Vita yetu ilikuwa rangi. Binti yangu akiwa PP2, yaani mwaka wa pili wa awali, walitaka nyeupe, na huku udongo ni mwekundu. Mvua ya Aprili ikianza, soksi nyeupe inageuka rangi ya chai ya maziwa kabla mtoto hajafika geti. Wazazi tulienda pamoja kwa bodi ya shule, hatukuenda mmoja mmoja, tukaomba kijivu. Walikubali bila makelele, maana hata walimu walikuwa wamechoka kukagua.

Huku Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kupiga na pia kumtesa mtoto kiakili. Kumsimamisha mtoto wa miaka mitano achekwe, mimi ningeuliza kama hilo haliingii hapo. Sijui Tanzania mnaisemaje. Ila ushauri wangu mkubwa, tafuta wazazi wenzako wawili watatu. Si ajabu watoto wao wanajikuna pia.

---

Mkinga Halisi:

Mnachekesha watu wa joto. Makete huku Juni na Julai umande unaganda juu ya majani, mtoto wa shule ya serikali anavaa soksi ya rangi yoyote atakayopata, mbili juu ya mbili, ndani ya yeboyebo au buti la mvua. Nimeona mmoja ana nyekundu na nyingine ya timu ya mpira. Mwalimu hasemi kitu kwa sababu hata yeye amevaa sweta la mtumba juu ya koti. Sheria ya soksi ikitungwa na mtu anayejua hali ya hewa ya mahali, huwa fupi sana.

---

Mama Nasra:

Asanteni sana jamani, nimesoma zote na nimechukua hatua.

Nimechoma uzi. Kidonge kigumu, tena cheusi 😅 Mguu nimeuangalia mchana: katikati ya vidole pako safi, ila chini ya vidole gumba panang'aa kama alivyosema Nesi. Tumeenda kituo cha afya, daktari kasema ni jasho, kapewa mafuta ya kulainisha na karatasi inayosema avae pamba. Lebo, kucha, kelele, hana shida navyo. Na ndiyo, jiki nilikuwa naloweka.

Kwenye grupu la wazazi niliuliza kistaarabu tu, "kuna mwingine mtoto wake anawashwa na soksi mpya?" Majibu yalimiminika mpaka msimamizi akafunga grupu kwa muda. Wanne tukaenda pamoja. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, kwanza nikamwambia la mstarini. Hakulijua. Kasema watoto wa awali hawatatolewa tena mstarini kwa ajili ya sare, mzazi ataandikiwa. Kwenye soksi hakuwa mwepesi hivyo. Wenye karatasi ya daktari wavae pamba nyeupe ndefu isiyo na nembo, wengine wasubiri kikao cha wazazi kwa sababu mzigo umeshanunuliwa. Baba yake alikuja nasi kwa mkuu, akanyamaza njia nzima kwenda, halafu yeye ndiye aliyeuliza kwa nini soksi zinauzwa bila risiti.

Tumbo bado linauma asubuhi, ila si kila siku.

---

Mwl Mstaafu:

Tumbo lipe muda. Mwombe mwalimu wa darasa ampe kazi ndogo asubuhi, kugawa daftari au kufuta ubao. Aliaibishwa mbele ya wenzake, basi aonekane na maana mbele ya haohao.

---

Kipara wa Kigogo:

Swali la risiti nimelipenda. Shemeji ni mtu wangu.

---

Mama Nasra:

Muuza Soksi, za pamba ndefu nyeupe zenye hiyo spandeksi nazipata wapi na saizi gani? Anavaa kiatu 26, ila cha shule tulimnunulia 28 akue nacho.

---

Muuza Soksi K'koo:

Njoo mtaa wa Kongo, uliza za pamba za watoto, bonyeza uone kama zinavutika na kurudi. Chukua za mguu wa 26 usifuate kiatu. Soksi kubwa inajikunja ndani ya kiatu na mtakuja tena humu mwezi ujao kuuliza malengelenge. Na hicho kiatu cha 28 weka kitambaa mbele au mrudishie muuzaji kama hakijachafuka.