Kijiji tulivu cha kihistoria nchini Ureno: Monsanto au kwingine?

Swali
Ndugu zangu, mwezi Mei natarajia kwenda Ureno pamoja na mama yangu, ambaye umri umesogea lakini miguu bado inamtii. Baada ya pilikapilika za Lisbon tungependa kupumzika katika kijiji cha kale huko bara, karibu na mpaka wa Uhispania. Jina ninalokutana nalo kila mara ni Monsanto, ila nachelea kwamba mahali panaposifiwa na kila mtu huenda utulivu wake umekwisha. Je, twende huko, na tunaweza kufika bila gari la kukodi?

Jibu la kwanza
Ndugu, nendeni Monsanto, lakini mlale hukohuko. Wageni walio wengi hufika mchana, hupiga picha na kuondoka kabla ya jua kuzama, kisha kijiji hurudi mikononi mwa wenyeji wake wachache.

Mwaka 1938 Monsanto ilishinda shindano la kitaifa la kutafuta kijiji chenye sura ya Kireno kuliko vyote, ikatunukiwa jogoo wa fedha, ambaye mfano wake umesimama hadi leo juu ya mnara wa Lucano. (Shindano hilo liliandaliwa na idara ya propaganda ya utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno wakati huo, uliopenda kumwonesha mkulima maskini aliyeridhika na hali yake, kwa hiyo sifa za "kijiji halisi" zipokeeni kwa tahadhari.) Ujenzi wenyewe, hata hivyo, haukubuniwa na serikali yoyote: watu waliyaacha majabali ya graniti mahali pake, wakayafanya kuta na hata paa, na ipo nyumba iitwayo nyumba ya kigae kimoja kwa sababu jabali moja tu ndilo linaloifunika.

Pandeni ngomeni asubuhi na mapema. Eneo hilo mfalme Afonso Henriques aliwakabidhi mashujaa wa Hekalu, shirika la watawa wapiganaji wa Kikristo, mwaka 1165, nao wakajenga ngome. Karibu nayo kuna kanisa dogo la São Miguel, lisilo na paa, na kando yake makaburi yaliyochongwa mwambani kwa kufuata umbo la mwili, mabega na kichwa vikionekana wazi.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kulala, ila tumfikirie mama. Njia za Monsanto ni mwinuko mtupu, na mawe yake huteleza yakilowa. Mimi ningeweka makazi Idanha-a-Velha, kijiji jirani kilicho bondeni, ambacho wengi hukipita bila kushuka garini. Hapo palikuwa mji wa Kirumi, kisha makao ya askofu hadi yalipohamishiwa Guarda mwaka 1199. Leo ni kijiji kidogo mno chenye kanisa kuu la kale, vipande vya ukuta wa Kirumi, na kinu cha mafuta ya zeituni ambacho mashinikizo yake ni magogo ya miti mizima. Huko mnaweza kutembea taratibu bila kupishana na mtu.

Kuhusu usafiri, treni kutoka Lisbon itawafikisha Castelo Branco. Kuanzia hapo mabasi ni machache, hasa mwisho wa wiki, kwa hiyo msipokodi gari, pataneni na dereva wa teksi mapema, safari ya kurudi ikiwemo.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Je, mwezi Mei hakuna sherehe itakayotuvurugia ukimya huo?

Jibu la tatu
Ipo, ndugu yangu. Mwanzoni mwa Mei Monsanto huadhimisha Sikukuu ya Misalaba: wanawake hupanda ngomeni wakipiga adufe, ngoma ya pembe nne iliyowambwa ngozi pande zote mbili, kisha chungu cha maua hurushwa kutoka ukutani. Yasimuliwa kwamba zamani, kijiji kilipozingirwa na adui, wanakijiji, wakiwa karibu kufa njaa, walimlisha ndama nafaka yao ya mwisho na kumtupa chini, adui akaamini chakula bado ni tele, akaondoka. Mkitaka ukimya, fikeni katikati ya mwezi. Msiahirishe hadi Julai, kwani joto la huko wakati huo litamchosha mama kuliko mlima wenyewe.