Mrejesho: usaha kwenye jino la kupandikiza

Wakuu, niliuliza kuhusu fizi iliyovimba na kutoa usaha kwenye jino langu la kupandikiza. Asanteni sana, hasa mlionisihi nisikimbilie antibayotiki za duka la dawa kabla ya kupimwa. Daktari aliingiza kipimo chembamba pembeni ya jino, kati yake na fizi: kikazama milimita 7, damu ikatoka. Eksirei ikaonyesha mfupa umeliwa kuzunguka skrubu inayoshikilia jino hilo kwenye taya, kwa hiyo haikuwa fizi tu. Kuondoa ugaga kulipunguza damu, lakini usaha ukarudi. Ikabidi afunue fizi na kuisafisha skrubu yenyewe. Sasa usaha umekata, na kipimo kinazama milimita 4 tu. Mfupa uliopotea haujarudi, na fizi imeshuka. Aliyenishauri vibrashi vya katikati ya meno, navitumia kila usiku. Mungu akubariki.