Seismometa zikiwapo, satelaiti inaongeza nini katika kuchunguza matetemeko ya ardhi?

Mwalimu wa Jiografia: Habari zenu, ndugu. Seismometa, yaani chombo cha kupima mtikisiko wa ardhi, hunasa tetemeko mara mawimbi yake yanapoifikia, ilhali picha za satelaiti huja siku kadhaa baadaye. Kwa nini watafiti bado wanazingoja? Wanafunzi wangu wameuliza, nami nataka kuwapa jibu lenye mfano wa hapa nchini.

Mdau wa Miamba: Mwalimu, vyombo hivyo havipimi jambo moja. Seismometa hupima mtikisiko: mawimbi ya P, yaliyo ya kasi zaidi, hutangulia, ya S hufuata, na tofauti ya muda baina yake, ikipimwa katika vituo vitatu au zaidi, huonyesha tetemeko lilikoanzia. Rada ya satelaiti hupima umbali wake na ardhi, hivyo picha ya kabla ikilinganishwa na ya baada, hata msogeo wa sentimita chache hubainika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Julai 2007 matetemeko yalifuatana huko, na lile la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Nairobi. Rada ya satelaiti ya Envisat ilionyesha kwamba ardhi ilikuwa imesogea zaidi kuliko matetemeko hayo yalivyoweza kueleza, kwa kuwa sehemu ya msogeo ilipita polepole bila kutoa mawimbi makali, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza katika ufa chini ya mlima pasipo kufika juu. Septemba, jirani yake, mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai, ukalipuka. Bila rada, jambo kubwa kuliko yote katika tukio hilo lingetupita.

Mkazi wa Bukoba: Nakubali, lakini kina kisisahaulike. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 nalo lilikuwa na ukubwa wa 5.9, ila lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Kwa kina hicho uso wa ardhi husogea kidogo mno, hata pale nyumba zinapobomoka na watu kupoteza maisha, kwa hiyo tegemeo ni seismometa. Ndiyo maana naona Kanda ya Ziwa inastahili vituo vingi zaidi.

Mwalimu wa Jiografia: Ahsanteni sana. Je, rada inaweza kutabiri siku ya tetemeko?

Mdau wa Miamba: Hapana, wala seismometa haiwezi. Satelaiti ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12, na picha za miaka mingi zikiunganishwa huonyesha mahali ambapo ardhi inavutika taratibu, lakini hazisemi itakatika lini.